Kura "zinazoibuka" usiku Pennsylvania

Wengi huamini kwamba mgombea urais wa Marekani akiongoza jioni kisha akapitwa baadaye, kuna kura zimechomekwa. Sivyo. Katika jimbo la Pennsylvania, sheria hairuhusu kufungua kura za posta kabla ya saa 1 asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Na kuzifungua ni kazi kwelikweli: bahasha ya nje hukaguliwa kama ina saini, ndani yake mna bahasha ya siri inayoificha kura, ndipo karatasi inyooshwe ipite kwenye mashine. Bila bahasha ya siri, kura haihesabiwi. Mwaka 2020 waliopiga kwa posta wengi walikuwa Wademokrati, chama cha Biden, na kura zao zilichelewa kuhesabiwa, hivyo Trump alitangulia Novemba 3, Biden akampita Novemba 6. Jimbo la Florida huanza kuzishughulikia kura za posta mapema, kabla ya siku ya uchaguzi. Kelele hizi huko ni nadra.