Je, wajua kwa nini kijana asiyelewa haraka ndiye wa kuhofiwa?

Katika kila kundi la vijana wanaokunywa hakosi mmoja anayesifiwa. Wenzake wameshaanza kuyumba na ndimi zimekuwa nzito, yeye kasimama wima na anahesabu chenji bila kukosea. Watamwita mwamba. Wazazi nao hujipa moyo: huyu wetu anajua kunywa, hajawahi kurudi akipepesuka. Mimi namhofia huyo kuliko wale waliokwisha kusinzia.

Usingizi, kuyumba na kichefuchefu ni breki za mwili. Zinamwambia mnywaji kwamba basi, imetosha. Asiyezisikia mapema huongeza glasi nyingine, na ini halimjui mwamba: husafisha takribani kinywaji kimoja tu kwa saa, na kahawa wala maji baridi hayaliharakishi. Watafiti wa Marekani waliowafuatilia vijana kwa miaka mingi waligundua kwamba wale ambao pombe haikuwalewesha sana mwanzoni ndio walioelekea zaidi kuja kunaswa na uraibu.

Umri nao una neno lake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari na kumzuia mtu, ndiyo ya mwisho kukomaa, katikati ya miaka ya ishirini. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kuwa kati ya walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, takribani asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa asilimia 10 hivi. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na desturi ya kumwonjesha mtoto "ili azoee". Kuzoea ndiko tunakokukimbia.

Maana kuzoea ni kazi ya ubongo kujirekebisha. Pombe huutuliza, nao hujibu kwa kuongeza vichochezi ili usizimike. Siku pombe ikikosekana, vichochezi vinabaki peke yake. Mtazame kijana huyo asubuhi: kikombe anakishika kwa mikono miwili, kijasho chembamba kinamtoka ilhali kuna baridi, na hatulii mpaka azimue. Kuzimua huko si tiba ya uchovu wa jana, bali ni dalili kwamba mwili umeanza kudai.

Hapa naomba tuwe makini, kwa sababu upendo wa pupa unaweza kuua. Aliyefikia hatua hiyo asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine hupoteza maisha. Apelekwe kwa daktari; zipo dawa za kumvusha salama.

Kwa ambaye hajafika huko, dalili huonekana mapema: kunywa akiwa peke yake, kuficha chupa, kusahau kabisa yaliyotokea usiku, marafiki wa zamani kubadilishwa na wa kunywa nao.

Zungumza naye akiwa mzima, faraghani, bila kumhukumu. Usimuulize kama ni mlevi, maana atakataa. Muulize hivi: "Mwaka jana ulikuwa unachangamka kwa chupa ngapi, na sasa ni ngapi?" Halafu nyamaza, umwache ahesabu mwenyewe.