Seli ya ubongo ikizidiwa na protini mbovu

Hapa Tanga swali ninaloulizwa mno na watoto wa wazee ni hili, daktari, huku kutetemeka na kusahau si uzee tu? Wengine hawaulizi, wananong'ona kwamba mzee kachezewa. Mie kazi yangu ni magonjwa ya neva na inaniuma kweli kuona mzee anafichwa chumbani wakati ugonjwa wake una jina, kwa hiyo leo acha nieleze kinachotokea ndani ya seli.

Protini inatengenezwa kama mnyororo mrefu wa amino asidi, na mnyororo ule hauna kazi yoyote mpaka ujikunje upate umbo lake. Ukijikunja vibaya, zile sehemu zinazokimbia maji, ambazo zilitakiwa zijifiche ndani, zinabaki nje, zinanatana na za jirani, linakuwa bonge. Ukichemsha yai unaliona hilo kwa macho, ute uliokuwa unapitisha mwanga unageuka mweupe mgumu, zile ni protini zimefumuka zikashikana, na hata ukiliweka yai kwenye friji ute haurudi. Jikoni kinachofumua ni moto, kwenye ubongo ni umri, ni jeni zenye hitilafu, ni sumu za oksijeni zinazovuja kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Kwa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, mabonge ni ya protini ziitwazo amiloidi-beta nje ya seli na tau ndani yake, kwa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ni protini iitwayo alfa-sinukleini, kwa Huntington, ugonjwa wa viungo kuchezacheza vyenyewe, ni protini ya jeni moja tu ya kurithi.

Sasa seli nayo haikai ikitazama. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa aliona kwamba inzi wadogo wa matunda wakipata joto kali kuna jeni zinaamka ghafla, na baadaye ikajulikana jeni zile zinatengeneza protini wasaidizi, tunaziita chaperoni, zinazozishika zile zinazofumuka zijikunje upya. Protini isiyookoleka inabandikwa yubikwitini, alama ya kutupwa, ikakatwekatwe kwenye protiasomu, mashine ya seli ya kukata protini (Ciechanover, Hershko na Rose walipata Nobel ya 2004 kwa hilo), na mabonge makubwa yanamezwa kwa otofaji, njia ya seli ya kula taka zake yenyewe, iliyompa Ohsumi Nobel ya 2016.

Lakini kilichonifanya niandike ni PERK. Hiki ni kitambuzi, protini mbovu zikirundikana kinaamka, kinabandika fosfeti kwenye eIF2-alfa, protini inayoanzisha utengenezaji wa protini nyingine, na utengenezaji wa protini nyingi unasimama ili seli ipumue kwanza. Ni akili kabisa hiyo, umezidiwa unapunguza kazi! Ila kwenye ubongo wenye ugonjwa protini mbovu haziishi, kwa hiyo kusimama kunaendelea wiki na miezi, na sinapsi, pale neva zinapopeana habari, haziwezi kuishi bila protini mpya, basi zinakauka, halafu seli yenyewe inakufa. Seli ya ngozi ikifa inazaliwa nyingine, ya neva karibu zote ulizonazo ndo za maisha.

Timu ya Giovanna Mallucci kule Uingereza ilionyesha jambo hili 2012 kwa panya wenye prioni, yaani protini mbovu ya ubongo inayoambukiza nyingine ubovu wake, walipouachia utengenezaji wa protini uendelee sinapsi zilipona ingawa prioni zenyewe zilikuwa bado zimejaa. Yaani mabonge yapo, neva zinaishi! Mwaka 2013 wakatumia dawa ya kuizuia PERK, neva za panya zikaokoka, ila kongosho ikaumia na panya wakapungua uzito, manake kongosho nayo inaitegemea PERK kila siku. Ndo maana dawa hiyo haijafika kwa binadamu, na watu wanatafuta njia ya kulegeza bila kuzima kabisa.

Kuna mzee anauza kahawa Ngamiani, mkono wake wa kulia ukitulia gotini unatetemeka, kidole gumba kinasugua cha shahada, akinyoosha mkono kushika dele utetemeko unatulia na kahawa haimwagiki. Watu wanasema kama angekuwa mgonjwa angemwaga. Hapana jamani, Parkinson ndivyo ilivyo, inatetemesha mkono uliopumzika. Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro watafiti walipopita nyumba kwa nyumba walikuta wengi wenye Parkinson hawajawahi kuambiwa kama ni ugonjwa.

Levodopa, dawa ya Parkinson, inarudisha dopamini iliyopungua, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, mzee anatembea, anafunga vifungo mwenyewe, mabonge haiyagusi lakini miaka ya kujitegemea si kitu kidogo. Mkimleta mzee kliniki njooni na daftari lake la zamani au risiti alizosaini, maana mwandiko unaoanza mkubwa ukawa unadogeka hadi mwisho wa mstari unanisaidia sana, na mniambie tangu lini hasikii harufu ya chakula na tangu lini anafunga choo, hayo mara nyingi yanatangulia utetemeko kwa miaka.