Rufiji inapovunja kingo

Dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao, nililolikuta bondeni Rufiji karibu na shamba la kunde, lilikuwa na alama tatu zilizokatwa kwa panga kwenye nguzo yake. Mwenyewe, mama mtu mzima, alinitazama nikipima kwa futi, kisha akanisaidia. "Hiyo ya chini ni ya mwaka mzuri, mwanangu. Maji yakiishia hapo, tunakula." Ya chini ilinifika magotini. Ya juu ilinipita kichwa, nayo ilikuwa ya 2024.

Kazi yangu ni kupima maji ya mito, na swali ninaloulizwa sana kule ni hili: mbona Utete, mji wa kando ya Rufiji, jua linawaka wiki nzima na mto unazidi kupanda? Unapanda kwa sababu maji yale si ya Utete. Rufiji hukusanya maji ya eneo la takribani kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja kati ya tano za Tanzania Bara. Ruaha Mkuu huyaleta kutoka nyanda za Mbeya na Iringa, Luwegu kutoka kusini, na Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu. Mvua ya milimita moja tu kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Hapo piga hesabu mwenyewe.

Mvua za mwanzo, Novemba na Desemba, ardhi huzinywa. Ikifika Machi au Aprili imeshiba, na kila tone linatafuta mto. Ndiyo maana mvua ileile iliyopita kimya Desemba inaweza kufurisha bonde Aprili. Ukataji miti nao huongeza kasi ya maji, sikatai, ila tumezoea kuutwisha kila lawama. Mvua kama zile za El Niño ya 1997 na 1998 hazizuiliki kwa miti peke yake.

Huku chini kwenye delta, mto unapogawanyika kuingia baharini, kuna jambo jingine ambalo wavuvi wanalijua kuliko sisi wa ofisini. Mto ukifurika siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maji huingia baharini bila shida kubwa. Ukifurika wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, bahari inasukuma kuja juu, mto unasukuma kwenda chini, na kinachobaki katikati ni mashamba ya mpunga.

Sasa, tope. Maji yakitawanyika bondeni hupungua kasi, na yakipungua kasi huachia udongo mwororo yaliokuja nao kutoka milimani. Warufiji hupanda mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu huo maji yanaporudi nyuma, bila mvua wala mbolea, na kilimo hicho wanakiita mlau. Mafuriko hayohayo hujaza maziwa ya bondeni kama Ruwe na Zumbi na kuyapelekea samaki. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye ardhi iliyoinuka, wakaondoka, lakini mashamba yalibaki chini. Wakawa wanatembea masafa marefu kwenda kuyalinda dhidi ya nguruwe na nyani, na madungu yakaendelea kusimama.

Sisemi mafuriko ni neema. Mwaka wa alama ya juu, vyoo vya shimo hufurika na kuchanganyika na visima, na kipindupindu hakingoji mwaliko. Mpunga unaozama kwa siku nyingi huoza. Mamba naye hufika mlangoni.

Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililojengwa juu kwenye mto huuhuu na kuanza kujazwa Desemba 2022, limebadilisha hesabu. Bwawa lenye nafasi hukata kilele cha mafuriko. Likishajaa, kinachoingia lazima kitoke, na mwaka 2024 milango ilifunguliwa huku mvua zikiendelea kunyesha, mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti yakafunikwa. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya tope sasa hutuama nyuma ya ukuta.

Mama yule hakuniuliza habari za umeme. Aliweka kidole kwenye alama ya chini, akauliza kama maji yatafika hapo mwakani. Nikamwambia kwamba siku hizi mvua peke yake haitoshi kunipa jibu, labda akawaulize pia wanaoshika milango. Akacheka, akarudi kwenye kunde zake.