Sikio kwanza, kamera baadaye

Nikifika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, alfajiri, kamera hubaki mkobani. Natoa kinasa sauti. Vipe, mashua za mbao za wavuvi, vinarudi kutoka kuvua dagaa kwa taa usiku kucha, na kabla hakujapambazuka vizuri pale kuna mengi ya kusikia kuliko ya kuona: mbao zinagongana, mabeseni yanaburutwa, bei inapatanwa kwa Kiha na Kiswahili kwa pamoja.

Kazi yangu ni kusimulia kwa picha mnato na sauti. Naulizwa sana kwa nini nisipige video tu. Katika video kila kitu kinatembea, jicho linashiba upesi. Uso wa mtu ukitulia sekunde sita mbele yako, huku sauti yake mwenyewe inaendelea, unapata nafasi ya kuusoma.

Kwa hiyo nahariri sauti hadi mwisho kabla ya kugusa picha. Dakika tatu zikieleweka kwa masikio peke yake, ndipo natafuta picha, thelathini hivi.

Zamani nilianza na picha. Mama mmoja anayeanika dagaa alinisimulia jinsi mvua ilivyomharibia mzigo wote. Aliposema mvua, nikaweka mawingu. Aliposema mchanga, nikaweka mchanga. Nilipomwonyesha akaniambia, “Mwanangu, hayo nimeshayasema. Mbona mimi simo?” Nikaibomoa kazi yote. Sasa akifika kwenye mvua unaona mikono yake juu ya beseni tupu, na unasikia mvua ikipiga bati. Mvua hiyo niliirekodi siku nyingine, lakini bati ni la nyumba yake, na nilimweleza kabla. Ya kuokota mtandaoni nisingeitia.

Kuhusu mitambo sina mengi. Narekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, na sauti ya juu kabisa naiacha ifike kama desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa sauti, kwa sababu mtu akicheka ghafla sauti ikapasuka, haitengenezeki tena. Maikrofoni naivisha manyoya. Upepo wa ziwa hauna huruma. Hedifoni sizivui. Anayeongea simpigi picha, mlio wa shata ya kamera unaingia katikati ya neno. Tukimaliza, naomba wote tunyamaze dakika moja nirekodi ukimya wa mahali pale. Huo ndio ninaozibia mapengo ninapokata maneno, maana ukimya wa ufukweni si sawa na wa chumbani, na sikio linagundua mara moja.

Kinachoniuma ni karabai, taa ya mafuta ya kupampu. Wavuvi wengi wamehamia taa za betri, ambazo hazitoi sauti. Picha za karabai ninazo nyingi, ila ule mvumo wake sikuwahi kuurekodi. Mzee mmoja wa Ujiji anayo moja stoo, ameniahidi kuitafutia utambi. Jumamosi naenda na kinasa sauti tu.