Kemotipu: spishi moja, mafuta mbalimbali

Chuma jani la zaatari-pori kwenye vilima vikavu vya kusini mwa Ufaransa, ulifikiche vidoleni, unuse. Harufu yake ni kali, ya kuchoma pua, kama dawa ya kusukutulia kinywa. Teremka bondeni ufikiche jingine: linanukia maua. Kwa macho huwezi kuvitofautisha vichaka hivyo. Vyote ni Thymus vulgaris, ila kemotipu zao si moja. Kemotipu ni kundi la mimea ndani ya spishi moja linalotambulika kwa kemikali iliyotawala katika mafuta yake ya kunukia.

Huko zaatari ina kemotipu sita zinazojulikana zaidi: geranioli, alfa-terpineoli, tuyanoli, linaloli, karvakroli na timoli. Hizo mbili za mwisho ni fenoli, yaani kemikali zenye kundi la OH (oksijeni na hidrojeni) lililoshikana na pete ya kaboni, ndizo zenye ule ukali. Fomula yao ni ileile, C10H14O. Tofauti ni mahali lilipokaa kundi hilo la OH.

Wengi husingizia udongo, na hapo ndipo dhana hii hupotoshwa. Udongo, ukame na msimu hubadili kiasi cha mafuta, lakini kemotipu yenyewe hurithiwa. Kata vitawi vya vichaka viwili uvipande shamba moja. Kila kimoja kitabaki na harufu yake. Mbegu ni habari nyingine. Jeni husika hutawalana kwa ngazi, ya juu ikizima za chini yake, geranioli ikiwa juu na timoli chini kabisa. Kichaka kikiwa na nakala moja tu ya jeni tawala ya geranioli, kitatoa geranioli, huku kimeficha jeni za aina nyingine zitakazojitokeza kwa watoto wake. Cha timoli hakina jeni tawala hata moja kati ya zile zilizo juu yake.

Mbona basi kila aina ina makao yake? Kaskazini ya mji wa Montpellier kuna bonde la Saint-Martin-de-Londres. Wakati wa baridi, hewa nzito ya baridi huteremka na kutuama humo, na baridi kali ya ghafla huua vichaka vya fenoli. Visivyo na fenoli huvumilia. Juu mlimani, penye joto na ukame, vya fenoli ndivyo vinavyotamba. Tangu miaka ya 1970 baridi ile kali imepungua, na watafiti wamekuta vichaka vya fenoli vikiingia sehemu za bonde ambako havikuwepo.

Utofauti wa mafuta, hata hivyo, si kipimo cha utofauti wote wa kijenetiki. Mafuta huamuliwa na jeni chache tu, zinazochujwa na baridi na ukame. Kwingineko kwenye DNA, nyuki wanaohamisha chavua huendelea kuchanganya. Ndiyo maana vichaka vya mlimani na vya bondeni vinaweza kuwa ndugu wa karibu kwa jeni nyingine zote, huku mafuta yao yakiwa mbalimbali. Anayekusanya mbegu za kuhifadhi kwa kufuata harufu peke yake amepima sehemu ndogo tu ya alichonacho.