Kufiwa na mtoto: maswali ya wanandoa wageni wakishaondoka

Hema likishang'olewa, viti vikarudishwa na sufuria za kanisa zikaoshwa, nyumba hubaki na watu wawili wasiojua waambiane nini. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, na kwa miaka kadhaa nimeketi na wazazi waliofiwa, mara nyingi kwenye benchi la korido kwa sababu chumba cha ushauri kina mtu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Mume wangu alirudi kazini siku ya nne baada ya mazishi, na sijamwona akidondosha chozi. Kwani yeye hana uchungu na mtoto?

Uchungu anao. Mama mmoja wa Nyalenda aliniletea lalamiko hili hili, na mumewe, mwendesha bodaboda, alikuwa ameketi kando yake akitazama sakafu. Nilipomuuliza hulilia wapi, alisema: barabara ya Dunga, kabla ya kufika ziwani. Husimamisha pikipiki, akateremsha kioo cha helmeti, akalia humo ndani, kisha akaendelea na safari. Mkewe hakuwa na habari. Walikuwa wamelala kitanda kimoja wiki saba.

Tazama pia kazi anazopewa baba msiba unapoingia. Ni yeye wa kufuatilia kibali cha mazishi, gari na jeneza, na wa kuandika michango inayoingia kwenye simu. Kila anayempigia humuuliza, "Mama anaendeleaje?" Yeye mwenyewe anaendeleaje, hilo nimelisikia likiulizwa mara chache sana.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii amezama katika msiba, saa nyingine anahangaikia unga na karo. Kule kurudi si kusahau. Ndiko kunakompa pumzi. Shida ya wanandoa ni kwamba zamu zao hazilingani. Wewe umefungua sanduku la nguo za mtoto, mwenzako ndio kwanza amepata nguvu ya kunyoa ndevu, na kila mmoja anaona anakosewa. Basi semeni, hata kwa maneno machache: "Leo nimeamka vibaya," au, "Leo siwezi kumzungumzia, tumzungumzie kesho jioni." Na hiyo kesho jioni ifike kweli.

Nimesikia huzuni ina hatua tano. Mbona mimi narudi nyuma?

Hapana, hurudi nyuma. Hatua hizo zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakingoja kifo chao wenyewe. Si ngazi ambayo mzazi aliyefiwa lazima aipande. Unaweza kucheka Jumanne, na Jumatano ukashindwa kutoka kitandani.

Mtoto wetu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu (sickle cell). Mama mkwe anasema ugonjwa huo nimeuleta mimi, kwao haupo.

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu limevunja nyumba nyingi kuliko kifo chenyewe.

Mtoto hupata selimundu ya kawaida kabisa, ile inayoitwa SS, akirithi chembe moja ya urithi (jeni) ya ugonjwa kwa mama na nyingine kwa baba. Mwenye chembe moja tu haumwi; anaitwa mbebaji, na anaweza kuzeeka bila kujua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, mbili kati ya nne ya mtoto kuwa mbebaji kama wao, na moja ya kutorithi kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Huku kandokando ya ziwa wabebaji ni wengi kwa sababu chembe moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imedumu kwa vizazi katika nchi ya mbu.

Kwa hiyo ugonjwa haukuletwa na mmoja. Na tukifuata damu nyuma, chembe ya mume ilitoka kwa baba yake au kwa mama yake. Kulisema hili mbele ya mama mkwe kunahitaji hekima. Mimi humwomba mume alieleze yeye, kwa lugha ya nyumbani, na mke asiwepo. Kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya hemoglobini hupatikana katika hospitali kubwa. Pimeni wote wawili, na watoto waliobaki wapimwe pia.

Kuna lawama nyingine zisizotoka kwa mkwe. "Laiti ningemkimbiza hospitali usiku ule." Malaria kali inaweza kumzidia mtoto mdogo ndani ya siku moja, na homa ya jioni haina alama ya kukuonyesha itageuka. Rudini hospitali baada ya wiki kadhaa, muombe kuelezwa tena kilichotokea. Siku ile mliambiwa, lakini hakuna mzazi anayesikia siku ile.

Nilizika mtoto wa siku mbili, na sasa maziwa yanatoka. Nifanye nini?

Pole sana, dada. Kondo la nyuma likishatoka, mwili hupata amri ya kutengeneza maziwa, na mara nyingi huingia kati ya siku ya pili na ya tano. Mwili haujaambiwa kwamba mtoto hayupo. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, na ukikazwa sana kamua kidogo tu ya kukupa nafuu, usimalize. Usijifunge leso kwa nguvu kifuani. Inaweza kuleta uvimbe na maambukizi. Ukiona sehemu nyekundu yenye moto, au homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Dawa ya kukausha maziwa ipo, lakini haimfai kila mtu, hasa mwenye shinikizo la damu, kwa hiyo aiandike daktari.

Jambo jingine. Katika boma nyingi mtoto mchanga huzikwa upesi, mama akiwa bado wodini. Wanamfanyia huruma, lakini anatoka hospitali akiwa hajui hata kaburi liko upande gani wa migomba. Kama wewe ni baba, subiri kama inawezekana. Kama haiwezekani, mpige picha mtoto, na utunze ile karatasi aliyofungwa mkononi yenye jina la mama. Mama asipotaka kuona leo, zifiche. Asilazimishwe.

Wazee wanatuhimiza tupate mwingine haraka.

Mwanamke asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena kabla hata hedhi haijarudi, kuanzia wiki ya nne hivi, kwa hiyo uamuzi huu msiuache ujiamue. Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja miezi 24 baada ya kujifungua mtoto hai kabla ya mimba nyingine, na angalau miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Chumbani nako, mmoja hutafuta faraja na mwingine huona ni kama kumsaliti marehemu. Hakuna mkosaji hapo, ila asiyetaka asisukumwe, hata na shangazi.

Majirani wameacha kuniita Mama Achieng'. Wananiita "wewe".

Wanaogopa kukuumiza. Waambie unachotaka. Wengi hutaka jina lao libaki. Na ndugu zake Achieng' waambieni kwamba amekufa; mtoto akiambiwa "amelala" anaweza kuogopa kulala.

Ni kweli ndoa nyingi huvunjika?

Si kama inavyosemwa. Uchunguzi wa mwaka 2006 wa The Compassionate Friends, shirika la wazazi waliofiwa huko Marekani, ulikuta takriban asilimia 16 walikuwa wametalikiana, na si wote kwa sababu ya kifo. Ninayoyaona hapa yakibomoa ni pombe ya kila jioni, ugomvi wa pesa za mchango zilizobaki, na ukimya.

Tujue vipi kwamba huzuni imepita kiasi?

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, huzuni inayozidi miezi 6, ikipita desturi za jamii yako na kukuzuia kuishi, inahesabiwa kuwa ugonjwa unaotibika. Lakini usingoje miezi ukiona mmoja wenu anazungumzia kumfuata mtoto, hali chakula, au hawezi kulala bila chang'aa. Msimwache peke yake. Pigeni 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyolipishwa, au mwende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Mwenzako akikataa, nenda wewe. Wataanza na wewe.