Usisome h peke yake

Siku hizi wasifu wa mtafiti wa uhandisi umeme ukifika mezani, macho ya wengi hukimbilia kwenye namba moja: h (h-index), kipimo cha jinsi makala zake zinavyonukuliwa na watafiti wengine. Nimepitia wasifu wa aina hiyo kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, wa waombaji kazi na wa wanaotaka kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi hadi profesa mshiriki. Naona tunaipa h uzito ambao hata aliyeibuni hakuipa.

Aliyeibuni ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Kuihesabu si kazi. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi zaidi, kisha shuka nazo hadi makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui nafasi yake kwenye orodha; nafasi hiyo ndiyo h. Tuseme zimenukuliwa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 1. Makala ya tano ina nukuu 5, ya sita ina 3 tu, basi h yake ni 5. Mwingine ana makala nne zenye nukuu 300, 4, 3 na 2. Huyo h yake ni 3, ingawa makala yake moja imenukuliwa kuliko kazi zote za mwenzake zikijumlishwa. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya picha ya juujuu ya mtafiti. Tena h haishuki kadiri miaka inavyokwenda. Hata aliyeacha utafiti zamani, yake yaweza kuendelea kupanda. Kumpima kwa h aliyemaliza uzamivu miaka 5 iliyopita dhidi ya aliyemaliza miaka 25 iliyopita ni kumwonea.

Halafu kuna suala la nani amehesabu. Katika fani yetu kazi nyingi mpya hutoka kwanza kwenye makongamano, hasa yale ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, na makala zake hupitiwa na wahakiki kabla ya kukubaliwa. Wenzetu wa fani nyingine wakiona neno "kongamano" hudhani ni hotuba tu. Google Scholar, iliyoanza 2004, huhesabu karibu kila andiko la kitaaluma inalolikuta mtandaoni, zikiwemo tasnifu na ripoti. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma iliyoanza mwaka huohuo, huchagua majarida na makongamano ya kuingiza. Kwa hiyo mtu mmoja ana h mbili au tatu, zote halali. Ukiandika yako, taja umeitoa wapi na lini.

Majina nayo yanatupotezea nukuu. Mtanzania ana jina lake, la baba na la ukoo, na kila jarida huyakata linavyotaka. Makala moja inamweka kwa ukoo, nyingine kwa jina la baba, na dada zetu wengine hubadilisha jina wakiolewa. Hapo kazi za mtu mmoja hugawanyika kama za watu watatu, au anabebeshwa makala za asiyemjua. Dawa ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajili bure na kukaa nayo maisha yake yote.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kijana anayetaka kupunguza upotevu wa umeme kwenye njia za usambazaji mara nyingi hujaribu mbinu yake kwenye mtandao wa umeme wa mfano wenye nodi 33 (sehemu vipande vya laini vinapoungana), uliotokana na makala ya Baran na Wu ya 1989. Ni mtandao wa kilovolti 12.66, wenye mzigo wa takriban megawati 3.7. Nauheshimu, kwa sababu watu wa nchi mbalimbali wanaweza kulinganisha matokeo juu ya kitu kimoja. Lakini usambazaji wetu ni wa kilovolti 33 na 11. Anayekwenda Mbagala jioni kupima kwa nini umeme unakuwa mdogo mwisho wa laini anafanya kazi ngumu zaidi, na nukuu anazopata ni chache, kwa kuwa nje ya hapa hakuna anayeweza kurudia vipimo vyake. Fundi akihamisha transfoma kwa kufuata matokeo yale, hakuna hifadhidata itakayolihesabu hilo.

Hilo linarekebishika. Mtafiti huyo achapishe na data yenyewe, kwa ruhusa ya mwenye mtandao: urefu wa kila kipande cha laini, aina ya waya, ukinzani wake, uwezo wa kila transfoma na mzigo wa saa kwa saa. Aiweke kwenye hifadhi ya wazi yenye kitambulisho cha kudumu. Mwenzake wa Kampala au Lagos ataipakua, ataijaribia mbinu zake, na atainukuu. Wasifu wenye data kama hiyo ukinifikia, nitaifungua data hiyo kwanza, h nitaitazama baadaye.